Deni la Watu Tisa

"Nani kakigusa kigoda changu?"

Mama Sakafu aliuliza hivyo kasimama katikati ya chumba, mikono kiunoni, na mfalme yuko chini kwenye sementi anaugulia kifundo cha mkono. Mfalme mwenyewe alikuwa kinyozi wa mtaa wa pili, mtu mwenye mwili wake, na miwani bado ilikuwa imemziba uso, kwa hiyo alikuwa anaulalamikia ukuta.

"Nasema nani kakigusa? Miaka sita natandika sakafu hii. Sita! Hajakwaruzika mtu hata ukucha. Leo mfalme kakalia hewa, na nyote macho kwangu, kama vile hewa nimeileta mimi!"

"Mama, hakuna aliyekutaja," alisema Fundi, mwenye mitambo, huku amepiga magoti anamvua kinyozi miwani.

"Midomo haikunitaja. Macho je?"

Kabla hujamhukumu mama wa watu, kijue kwanza chumba chenyewe. Kilikuwa ghorofani, juu ya duka la magodoro, kirefu, kitupu, chenye madirisha matatu na feni moja ya kunung'unika. Kila Jumamosi mchana watu wazima wanane, wenye kazi zao na watoto wao, walipanda ngazi, wakavua viatu, wakavaa miwani kubwa nyeusi kama ya mchomeleaji vyuma, na papo hapo chumba kikawapotea. Walichokiona ni kijiji: mto, daraja, uwanja, jumba la mfalme. Wakaonana wao kwa wao, lakini si kwa sura zile za nyumbani. Kinyozi alikuwa mfalme. Muuguzi wa zahanati alikuwa mhunzi. Mwalimu wa hesabu, mtu aliyenyooka kama rula, alikuwa mwizi wa kuku, na kuiba alikuwa na bidii nako kuliko kufundisha. Hakuna aliyewaandikia la kusema. Kila mmoja aliishi nafasi yake, wiki hii kesi ya ng'ombe, wiki ijayo harusi ya binti wa mfalme, hadithi ikaendelea palepale ilipoachwa, miaka nenda miaka rudi. Wenyewe walijiita Wanakijiji. Wewe usiye na miwani ungeona watu wanane wenye maboksi usoni, wanatembea kama bata kwenye utelezi, na mmoja anauliza dirisha habari za mavuno.

Sasa, miwani inadanganya macho tu. Makalio hayadanganyiki. Ukiona kiti cha enzi ukaenda kukikalia, lazima pale pale pawe na kitu, la sivyo utaijua sementi. Hapo ndipo ilipoingia kazi ya Mama Sakafu.

Kazi hiyo hakupewa na mtu. Alikuwa amefagia shule ya msingi miaka ishirini na tisa, na alipostaafu binti yake akamchukua akae naye. Binti mwema, nyumba nzuri, sofa laini, na ugonjwa ukaanzia hapo. Akishika ufagio, "Mama, pumzika." Akimenya kitunguu, "Mama, acha, kuna msichana wa kazi." Mtu aliyezoea kuwaamuru watoto mia nne wafute miguu mlangoni, sasa anaamriwa apumzike, mpaka mifupa ikamuuma kwa mapumziko. Alipopata kibarua cha kufagia chumba kile cha ghorofani, ufunguo wake aliutia uzi akauvaa shingoni, akawa anaoga nao.

Siku moja alichelewa kumaliza kupiga deki, Wanakijiji wakaanza naye yumo. Akamwona muuguzi kachuchumaa kando ya mto usiokuwepo, anachota hewa kwa viganja, anainywa, uso umemshuka. Roho ikamuuma, mtu mzima na kazi yake ya maana kunywa upepo. Akaisukuma ndoo yake polepole mpaka chini ya mikono ile. Muuguzi akachota maji ya kweli, na ukelele aliopiga uliwatoa nje wauza magodoro.

"Mto una maji! Jamani, mto una maji!"

Yalikuwa maji ya deki, na mpaka leo hajaambiwa. Wiki iliyofuata Mama alileta beseni safi.

Baada ya beseni ikaja kamba ya kufunga kati ya nguzo mbili za mbao, ili anayepita darajani apate cha kushika. Ikaja zulia la manyoya kwa ajili ya majani ya uwanjani. Kikaja kipande cha ubao alichokiunguza mwenyewe jikoni kwa binti yake, akakiweka anaposimama mhunzi ili anuse moshi. Feni akaigeuza huku na huku, ikawa upepo wa mtoni. Na kikaja kigoda cha miguu mitatu, ndicho kiti cha enzi. Wenyewe wakiwa wamezibwa macho, yeye alipita katikati yao peku, bila kukohoa, anasogeza hiki anaondoa kile, kama anatega mitego ya furaha. Hapo ndipo jina lake la ubatizo lilipokufa likazaliwa hili la Sakafu.

Fundi alimpa futikamba ya kupimia. Akaitundika msumarini, ikakaa hapo. Yeye alipima kwa nyayo, kisigino kwa kidole, kutoka kizingitini. Mto nyayo tisa. Daraja kumi na moja. Kiti cha mfalme kumi na nne, halafu tano kushoto.

"Mama, tumia kipimo," Fundi alikuwa akimwambia.

"Hiki si kipimo? Miguu hii imepima korido za shule miaka ishirini na tisa. Haijapungua."

Na kweli, miaka sita haikupungua. Ndiyo maana siku mfalme alipoanguka Mama hakujitilia shaka hata kidogo. Kigoda kilikutwa shibiri mbili mbele ya pale kinapoonekana kiti kwenye miwani. Fundi alichukua chaki akakizungushia duara kama askari kwenye ajali. Kimehama, hilo lilikuwa wazi. Swali lilikuwa kimehamishwa na nani.

"Aliyeingia wa kwanza leo ni Katibu," alisema Mama Sakafu. "Na nilimwona kwa macho yangu ameinama pale pale."

Vichwa vikageuka. Katibu alikuwa mwanamke mwembamba wa miaka arobaini hivi, mpiga chapa katika ofisi ya wakili, na kijijini alikuwa mpiga mbiu. Kila Jumamosi mchezo haukuanza mpaka yeye aingie uwanjani kwa sauti iliyokuwa ikishangaza kutoka kwenye kifua kile: "Enyi wa ng'ambo na wa huku, amkeni, kumekucha!" Sauti ikipanda, watu wakasahau kodi za nyumba.

"Niliinama kufunga kamba ya kiatu kabla sijavua," alisema.

"Unafunga kiatu unachokwenda kukivua?"

"Ilikuwa imefunguka, nikaikanyaga."

"Haya, kiatu! Wewe ambaye huwezi kupita kwenye kikombe bila kukigeuza mkono utazame ukutani? Wewe uliyemnyoosha kola mchungaji akiwa kwenye maombi? Umeona kigoda cha watu umekinyoosha, sema tu!"

Watu walicheka. Hilo la kola lilikuwa kweli, na mtaa mzima ulilijua. Akacheka mwalimu, akacheka muuguzi, mfalme mwenyewe akacheka na mkono wake umeshavimba. Aliyecheka kuliko wote ni mgeni mmoja wa shati la mistari, aliyekuwa amekuja siku ile tu kuangalia, na hata kola yenyewe hakuijua.

Katibu aliwatazama mmoja mmoja. "Sikukigusa," alisema, mara moja tu. Akavua miwani yake kichwani, akaiweka mezani sawasawa na ukingo wa meza, maskini, hata hapo hakuweza kuiweka upande. Akachukua mkoba akashuka ngazi.

Jumamosi mbili hakukuwa na mchezo, mfalme anauguza mkono. Ya tatu, mvua ilinyesha tangu asubuhi. Mama Sakafu alifika mapema, viatu vimelowa chapachapa. Vilikuwa vya raba vyenye soli nene, zawadi ya binti yake aliyesema sementi ya baridi itamuua mama yake kwa visigino. Akavivua mlangoni asichafue. Akaanza kupima peku kama alivyozoea. Moja, mbili, tatu. Kumi na nne, tano kushoto. Akaweka kigoda, nacho kikatulia kwenye vile vidoti vitatu ambavyo miguu yake ilishavichimba kwenye sementi kwa miaka sita.

Alipoinua kichwa akaliona duara la chaki la Fundi, shibiri mbili mbele yake.

Akalitazama. Akavitazama viatu mlangoni. Halafu, kama mtu anayekwenda kufungua mlango anaojua nani yuko nje, akarudi kizingitini, akavivaa vikiwa vimelowa vile vile, akaanza upya, kisigino kwa ncha. Kumi na nne, na ya tano kushoto, kiatu kilikwenda kugusa ule mstari wa chaki kama kilikuwa kimealikwa.

Siku ya anguko ndiyo siku aliyovivaa kwa mara ya kwanza. Alikuwa amevionea fahari, akagoma kuvivua.

Mama Sakafu alikaa kwenye kigoda cha mfalme, akakaa, mpaka akasikia watu wa kwanza ngazini. Hapo akafanya jambo ambalo yeye mwenyewe, angemkuta mtoto wa darasa la pili analifanya, angemvuta sikio. Alichukua kitambaa cha deki akalifuta lile duara la chaki.

Akanyamaza wiki saba.

Si kwamba hakujua haki ni ipi. Alijua pia kwamba sheria ya Wanakijiji ilikuwa moja tu isiyo na mchezo: mtu aliyezibwa macho usimwangushe. Aliyeangusha, ufunguo anaurudisha. Na bila ufunguo ni sofa, na msichana wa kazi, na "Mama, pumzika" mpaka siku ya kuvishwa sanda. Kila usiku akajipangia maneno, asubuhi yakawa yameyeyuka.

Mchezo ukaendelea bila mbiu. Fundi alitafuta kengele kwenye mtambo, ikawa inalia "ting!" kama chakula kimeiva, halafu mfalme anaanza kuzungumza. Hakuna aliyelalamika. Lakini kijiji kilikuwa hakiamki vizuri, kilikuwa kama mtu aliyenyanyuliwa kitandani kwa kumwagiwa maji.

Kilichomtoa Mama kwenye shimo ni maneno ya muuguzi, aliyoyasema hivi hivi huku anakausha mikono yake ya mtoni.

"Katibu siku hizi anazunguka njia ya nyuma kwenda kazini. Akipita kwa kinyozi wateja wanamwambia, 'Dada, usininyooshe na mimi nikavunjika.'"

"Na kinyozi anawaacha?"

"Kinyozi naye anacheka. Si utani tu, Mama."

Jumatatu yake Mama Sakafu alimwambia binti yake anakwenda kununua sindano. Akaenda ofisi ya wakili. Kulikuwa na benchi lenye watu watano, wenye kesi za mipaka na mirathi, na nyuma ya meza Katibu anapiga chapa. Hakuinua macho.

"Mama, panga foleni."

"Sina kesi."

"Kila anayekuja hapa husema hana kesi. Kaa."

Akakaa. Wakaitwa wa kwanza na wa pili. Alipoona wa tatu ni mzee mwenye faili nene kama tofali, akaona atazeekea pale, akasimama.

"Katibu, mwanangu. Kigoda nilikiweka mimi. Nilipima na viatu. Si wewe."

Katibu alimaliza mstari. Akaweka nukta. "Najua si mimi," alisema. "Mimi ndiye mtu pekee ambaye huhitaji kuniambia."

"Nimekuja kukuomba radhi."

"Ulinisema mbele ya watu wangapi, Mama?"

"Sikuwahesabu."

"Mimi niliwahesabu. Wanakijiji saba, Fundi wa nane, na yule wa shati la mistari wa tisa. Umenivua jina mbele ya watu tisa, unataka kunivika faraghani?"

"Faragha gani hapa, mwanangu, na mzee huyu ametoa sikio zima?"

"Mimi nasubiri zamu tu," alisema mzee wa faili. "Lakini binti ana hoja."

Mama Sakafu akashika meza. "Wakijua, ufunguo nimeuvua."

"Huenda."

"Unajua nyumbani kwangu kuna nini? Kuna sofa."

Katibu kwa mara ya kwanza akamtazama, na ilionekana kama atacheka, lakini hakucheka. "Pole," alisema. "Watu tisa, Mama. Na uyaseme kijijini, ndani ya miwani, uwanjani pale mbele ya mfalme. Nilifukuzwa kijiji, jina langu nalitaka kijijini. Siku hiyo nitakuja. Sakafu nitaitandika mimi, maana nyote mtakuwa vipofu."

Jumamosi iliyofuata Mama Sakafu alimwambia Fundi amvishe ile miwani ya Katibu. Fundi akadhani mama anaumwa. Miaka sita alikuwa akikaribishwa anakataa, anasema ana macho yake mawili na yanamtosha. Ukanda ukabanwa, taa zikazima, zikawaka.

Akakiona kijiji.

Mto aliokuwa akiubeba kwenye beseni ulikuwa mpana, unang'aa, na ng'ambo kuna ng'ombe. Kamba yake ilikuwa ukingo wa daraja la magogo lililoota ukungu. Upepo ukamgusa shavu, akajua ni feni ile ile, na bado akafumba macho kuupokea. Zulia la manyoya lilikuwa majani mpaka upeo wa macho. Akasimama kama mtu aliyefua nguo za harusi miaka yote na leo ndio kamwona bibi harusi.

"Kigoda changu kimeota simba!" akasema kwa sauti.

Kiti cha enzi kilikuwa na simba wawili wa kuchonga mikononi, na juu yake amekaa mfalme mwenye ndevu za fedha na sauti ya kinyozi. "Nani huyu anayesimama mbele ya kiti?"

"Ni mimi, Mfalme. Ninayekuwekea kiti chenyewe."

Akayasema yote. Hakuyapamba. Viatu, soli nene, nyayo kumi na nne. Kwamba Katibu hakukigusa. Wale watu wa kijijini, wenye mikuki na vikapu, walimtazama bila kupepesa, na hilo ndilo lilimtisha, maana nyuso zile za miwani hazijui kuona haya. Hukuweza kujua nani amekunja uso.

"Lakini mbona lile duara la chaki lilipotea?" Ilikuwa sauti ya muuguzi, kutoka kwenye mwili wa mhunzi wa kiume wenye misuli. "Fundi alisema labda limefutika kwa miguu."

Hili Mama hakuwa amepanga kulisema. Akalimeza, likarudi.

"Nililifuta. Nilipojua ni mimi, nililifuta."

Feni ikanung'unika. Mfalme alipozungumza, hakuwa mfalme tena.

"Mama, kukosea kupima nilikwishasamehe kabla hujafika. Mkono umepona, nashika mkasi. Lakini chaki, Mama. Wiki saba nimemcheka yule dada dukani kwangu, mbele ya wateja, na wewe ukweli unaujua."

"Ndiyo, baba."

"Hata mimi sasa nadaiwa naye."

"Kadaiwe kivyako. Mimi ninalipa langu."

Mtu mmoja akaguna, ilisikika kama mwanzo wa kicheko. Mfalme akajikohoza, akairudisha ile sauti yake ya ndevu. Akahukumu kwamba ufunguo utoke shingoni, ushikwe na Katibu miezi mitatu, na katika miezi hiyo Mama Sakafu hataweka hata kijiti bila futikamba, na Katibu amsimamie. Mama akauvuta uzi kichwani. Ukanasa kwenye ukanda wa miwani. Akahangaika nao pale uwanjani kama kuku aliyenaswa kwenye wavu, mpaka vidole vyembamba ambavyo hakuviona vikamnasua na kuuchukua.

"Saba," ilisema sauti ya Katibu sikioni mwake. "Mwalimu leo hayupo. Na yule wa mistari."

Mwalimu wa hesabu alikuwa amehamishiwa shule ya mbali. Mama Sakafu alimpigia simu, Katibu kasimama kando anasikiliza. Mwalimu akasema haya, amesamehe. Katibu akatikisa kichwa. "Si yeye wa kusamehe. Ajue tu kwamba si mimi." Mama akarudia tangu mwanzo. "Nane," alisema Katibu, akanyoosha simu ikae sawa na meza.

Miezi mitatu ilipokwisha Katibu alirudisha ufunguo, lakini alikuwa amekwisha chonga wa pili. Kwenye miwani hakurudi. Alisema amekipenda kijiji zaidi kwa huku nje. Wakawa wawili wa sakafu, mmoja ana futikamba, mwingine ana ubishi. Mbiu aliipigia pale pale kwenye sementi, amesimama kando ya beseni, na Wanakijiji wakaisikia bila kumwona anayeipiga, wakaapa kwamba sasa ndiyo imekuwa mbiu kweli.

Ile ndiyo miaka ambayo Mama Sakafu akiikumbuka huacha anachofanya. Ile njaa ya kijiji waliyoigiza miezi miwili, Katibu akawa anakaanga kitunguu mlangoni ili kuwatesa. Binti wa mfalme, ambaye alikuwa dereva wa lori mwenye masharubu, alivyoolewa akalia machozi ya kweli ndani ya miwani mpaka ikazima. Mvua ya kijijini waliyoileta kwa chupa ya kunyunyizia nguo za pasi. Wakimaliza, Wanakijiji wanavua miwani, macho mekundu, alama ya ukanda kwenye paji la uso, wanatazamana kama wametoka safari moja, wanashuka ngazi polepole hawataki kuachana. Nyumbani binti yake akauliza, "Mama, umepumzika?" Naye akajibu, "Sana."

Na yule wa tisa? Alitafutwa. Hakuna aliyejua jina lake wala aliyemleta. Kila mmoja alidhani ni mgeni wa mwenzake. Mama Sakafu aliwasimamisha wanaume wa mashati ya mistari sokoni, benki, mpaka msibani. "Baba, samahani, wewe hukuwahi kumwona mfalme akianguka?" Mmoja alimpa sarafu, akamwambia, Mungu akusaidie, mama. Akienda kumwambia Katibu, Katibu anacheka mpaka anashika mbavu, halafu anafuta macho anasema, "Bado mmoja lakini." Hakumwachia. Wakigombana juu ya kamba, "Bado mmoja." Mama akitaka kuwahi kuondoka, "Nenda, ila bado mmoja." Ikawa kama salamu, na ndani ya salamu bado palikuwa na mwiba, wote wawili waliujua, kwa sababu huyo mmoja ndiye aliyecheka kuliko wote, na mahali fulani duniani alikuwa bado anamjua Katibu kama mtu mwongo.

Chumba hakikufa siku moja. Miwani ilipungua bei, ikapungua na uzito. Dereva wa lori akanunua yake, muuguzi akanunuliwa yake na mwanawe. Wakasema watakuwa wanakutana kijijini kila mtu akiwa kwake, ni yale yale. Mama Sakafu alimuuliza muuguzi mto ukoje siku hizi. Muuguzi akasema unapendeza, una hata samaki. "Una maji?" Muuguzi akavitazama viganja vyake. Kinyozi alibaki mpaka mwisho, mfalme wa watu watatu, kisha wa wawili, na mwenye nyumba akataka chumba chake aweke magodoro.

Siku ya kutoa vitu walikuja wanawake wale wawili tu. Beseni akapewa msichana wa kazi wa nyumbani kwa binti. Nguzo za daraja Fundi alikuwa amekwisha zibeba jana yake. Zulia la manyoya ndilo lililobaki, wakalikunja, likawa zito kama mgonjwa, Mama kashika mbele, Katibu nyuma. Mama miaka hiyo alikuwa amefika sabini na moja. Kwenye ngazi ya nne akaegemea ukuta.

"Tupumzike," alisema, akashtuka mwenyewe kusikia neno hilo limetoka kinywani mwake.

Wakaliweka zulia magotini. Chini wauza magodoro walikuwa wanagombana na mteja.

"Nilikuwa nafikiri," alisema Mama Sakafu. "Yule wa mistari. Kama angekuwa wa mji huu ningekwisha mkuta. Labda nimwandikie tangazo. Wakili wako hawezi kuniandikia?"

"Utaandika nini? Anatafutwa mtu aliyecheka?"

"Niandike ukweli. Kwamba si wewe."

Katibu alikuwa anazichomoa nyuzi zilizotokeza kwenye ukingo wa zulia, moja moja. Akaacha.

"Usiandike," alisema. "Huyo mmoja nimekusamehe."

"Umenisamehe lini?"

"Sijui. Muda. Nilikuwa sitaki kukwambia, ungeacha kutafuta."

Mama Sakafu akaliachia zulia upande wake. Akajifuta uso kwa kanga.

"Mshenzi wewe," akasema. "Miguu yangu yote hii."

"Haya, shika upande wako. Zulia linaburuta."